Niliuliza kosa langu ni nini, nikashushwa kwenye gari mbele ya mwanangu

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mwanaume wa miaka 33, nina mke na mtoto mmoja wa kiume ana miaka 5. Siku zote nasomaga safu yako naona wanaoandika ni watu wenye mambo mazito kuliko yangu, ila sasa hii ni wiki ya tatu silali vizuri na sina wa kumwambia.

Ilikuwa jioni giza ndo linaingia, tunatoka kumsalimia mama mkwe, mke wangu yuko kiti cha mbele mtoto nyuma amesinzia. Trafiki akanipiga mkono nikasimama pembeni vizuri tu, nikazima gari, nikashusha kioo. Akaja haraka haraka, hata salamu hakuna, neno la kwanza "Leseni." Nikamwambia habari ya kazi afande, samahani kosa langu ni nini? Wallahi Shangazi niliuliza kwa upole. Akasema "Nimesema leseni." Nikamwambia sawa nakupa, ila naomba kujua nimesimamishwa kwa nini. Hapo ndo akapandisha sauti, "Unanifundisha kazi?" akaingiza mkono dirishani anatafuta ufunguo, mi nikashtuka nikaushika ufunguo (sijamshika yeye, nimeshika ufunguo), alafu mkono mwingine nikaingiza mfukoni nitoe simu nirekodi. Basi mlango ukafunguliwa nikavutwa nje, akaja na mwenzake wakanilaza kifua juu ya boneti, mkono umepindwa nyuma mpaka nikasikia bega limelia. Mtoto ameamka analia "baba, baba", kiatu chake kimoja kimedondoka barabarani maana alikuwa anataka kushuka anifuate, mke wangu anamng'ang'ania huku ananiambia mi "nyamaza, nyamaza, mpe tu leseni".

Nikafungwa pingu nikakalishwa chini kama dakika arobaini. Mwisho ndo naambiwa taa ya nyuma ya kushoto haiwaki. Taa, Shangazi! Wakanifungua wakaniachia, hamna faini, hamna karatasi, hamna kitu chochote, "nenda na uwe na adabu".

Sasa mambo yanayonitesa ni haya. Mke wangu anasema nimejitakia, ningetoa leseni kimya tungekuwa nyumbani ndani ya dakika tano. Mtoto akiona sare yoyote hata ya mlinzi anajificha nyuma ya miguu yangu, na juzi kaniuliza "baba ulifanya nini kibaya?" nikakosa jibu. Bega bado linauma nikilalia. Na kuna mtu kanipigia simu anasema anamfahamu yule afande, eti tukutane tuyamalize kishkaji, sijui hata namba yangu kaipata wapi. Usiku nakaa macho najibizana na yule askari kichwani, kila siku namjibu vizuri zaidi.

Je, nilikosea kuuliza? Nilalamike au niache yapite? Na mwanangu nimwambie nini?

Ni mimi, Baba wa mmoja.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya bega na pole ya hicho kiatu cha mtoto, maana nimesoma barua yako mara tatu na kila nikifika hapo kwenye kiatu nasimama.

Nianze na swali lako la kwanza kwasababu naona ndo linakunyima usingizi. Hapana, hukukosea kuuliza. Mtu akisimamishwa ana haki ya kujua kasimamishwa kwa nini, na hili silisemi kukubembeleza. Mwaka 2023 kuna watafiti wa Marekani walitoa kazi yao, walichukua rekodi za kamera ambazo askari wa kule wanavaa kifuani, matukio 577 ya madereva weusi waliosimamishwa kwa makosa ya kawaida ya barabarani, wakaangalia maneno 45 tu ya kwanza yaliyotoka mdomoni mwa askari, yani kama nusu dakika hivi. Wakakuta zile safari zilizoishia kwa pingu, upekuzi au kukamatwa zilikuwa na uwezekano karibu mara tatu zaidi wa kuanza na amri, na askari alikuwa na uwezekano mdogo wa kutaja sababu ya kusimamisha. Sasa rudi kwenye barua yako. Neno la kwanza ni "Leseni", salamu hakuna, sababu hakuna. Ulipofungua mdomo wako kuuliza, jambo lilishaanza kuharibika na wewe hukuwa umesema hata neno moja.

Na kuna sehemu wameliona hili mpaka wakaliwekea sheria. Jimbo la California kule kule Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2024 askari anatakiwa aseme kwanza kwa nini amekusimamisha, ndo aanze maswali yake, labda kuwe na hatari ya papo hapo. Kwahiyo ulichokiomba wewe pale dirishani, kwingine askari anawajibika kukisema bila hata kuombwa.

Mi nina kaka yangu kavaa sare miaka 22 na miaka mingi humo alikuwa barabarani, nikamsomea barua yako bila kutaja chochote cha kukutambulisha. Alikaa kimya kidogo alafu akasema, "Dada, huyo kijana alipouliza mara ya pili, yule askari alisikia anakataliwa mbele za watu." Nikamuuliza sasa kuuliza na kukataa ni kitu kimoja? Akasema sio kitu kimoja, ila ukiwa na miaka miwili kazini na kila siku asubuhi unaambiwa gari lolote linaweza kukuua, masikio yako hayatofautishi. Unatoa amri, haijatekelezwa, unairudia kwa sauti kubwa zaidi, haijatekelezwa, sasa umeshapandisha sauti na mwenzako anakuangalia, kushuka unaona aibu, kinachobaki ni mikono.

Hiyo hofu ya kwamba kila gari lina mtu wa kukuua naomba niisemee kidogo maana inabeba mengi. Kuna mwanasheria mtafiti alipitia kumbukumbu za idara zaidi ya 200 za polisi jimbo la Florida kwa miaka kumi, akachapisha mwaka 2019, akakuta kwenye kusimamisha magari kwa kawaida tu kama ulivyosimamishwa wewe, askari kuuawa kwa makusudi ni mara 1 katika kila magari milioni 6.5 yaliyosimamishwa. Simaanishi askari hawauawi, wanauawa, na kaka yangu amezika wenzake. Ila mtu anayefundishwa kila siku kuogopa atamkuta adui hata kwa baba mwenye mtoto aliyesinzia nyuma, na mwenye silaha na mafunzo na mshahara wa kazi hiyo ni yeye sio wewe, kwahiyo kazi ya kutuliza ilikuwa yake kwanza.

Sasa mkeo. Mwanangu, mkeo hayuko upande wa askari. Alikuwa na mtoto anayetaka kuruka nje ya gari gizani pembeni ya barabara na mume amelazwa juu ya boneti, ile "nyamaza, mpe tu leseni" ilikuwa ni kuomba urudi nyumbani mzima. Mpaka leo anashikilia kwamba ungenyamaza yasingetokea, kwasababu akikubali kwamba yangeweza kutokea hata ungenyamaza, basi hana tena cha kumlinda nacho mumewe kesho. Ndo linalomtisha.

Na ukweli ni kwamba adabu inapunguza hatari ila haiiondoi. Philando Castile, Julai 2016, jimbo la Minnesota, alikuwa mtu mpole anafanya kazi jikoni kwenye shule, wanafunzi wanampenda. Kasimamishwa, na sababu aliyopewa ni taa ya breki, taa kama wewe. Akamwambia askari kwa heshima kabisa, afande naomba nikuambie nina silaha (alikuwa na kibali chake halali), na ndani ya sekunde chache akapigwa risasi, saba zilifyatuliwa, mchumba wake yuko kiti cha pembeni na mtoto wa miaka 4 yuko kiti cha nyuma. Yule askari alishtakiwa akaachiwa huru mwaka uliofuata. Huyu alijieleza kwa upole na akamjulisha askari mapema. Kwahiyo mkeo asikubebeshe mzigo huu peke yako, msomee hapa kama hutaweza kumwambia kwa mdomo.

Kwa upande wa pili yuko Sandra Bland, Texas, Julai 2015. Kosa lake kubadilisha njia bila kuwasha indiketa, na askari alishamuandikia onyo tu, ilikuwa imebaki kumkabidhi karatasi aende zake. Akamuuliza mbona unaonekana umekasirika, yule dada akasema ukweli, ndio nimekasirika. Akaambiwa zima sigara. Akauliza niko ndani ya gari langu, kwa nini nizime? Kutoka hapo akaamriwa ashuke, akatolewa bastola ya umeme, askari anapiga kelele atamuwasha, akabebwa mahabusu, na siku tatu baadaye akakutwa amekufa selo, wakasema kajinyonga. Yule askari alifukuzwa kazi na mwishowe akakubali kutofanya tena kazi ya polisi maisha yake yote ili kesi ya kusema uongo chini ya kiapo ifutwe. Angalia safari yote ile imepita wapi: taa ya indiketa, sigara, mlango, selo. Hakuna hatua hata moja ambayo yule askari asingeweza kusema "sawa dada, karatasi yako hii, safari njema".

Haya, nimesema hukukosea kuuliza, na sirudi nyuma. Ila naomba unisikilize na hapa, kwasababu nataka siku nyingine urudi nyumbani na bega zima. Kuna vitu viwili ulivyofanya vinanitia hofu, ufunguo na mfuko. Kurekodi sio kosa la adabu na mahali pengi ni haki yako, ila mkono unaoingia mfukoni ghafla wakati mtu mwenye silaha ameshapandisha sauti, yeye haoni simu, anaona mkono umepotea. Mwache mkeo arekodi, akiwa ametulia, simu imeshatoka mapema. Wewe mikono juu ya usukani inaonekana, washa taa ya ndani kama ni giza, na kabla hujagusa chochote kitamke kwanza, "afande leseni yangu iko kwenye pochi mfuko wa nyuma, naitoa sasa". Inachosha, najua, mtu mzima kuomba ruhusa ya kugusa mfuko wake mwenyewe, lakini fanya.

Sababu iulize mara moja. Ukijibiwa vizuri, usipojibiwa toa leseni alafu sababu utaidai baadaye kwenye karatasi. Akikuambia shuka, shuka. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, ila kule Marekani kwa mfano Mahakama Kuu ilishasema tangu 1977 kwamba askari anaweza kumwamuru dereva aliyesimamishwa kihalali ashuke kwenye gari, na kwingine kwingi ni hivyo hivyo. Kushuka sio kukubali kosa. Unaweza kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "nashuka afande, ila sikubali kupekuliwa bila sababu," mikono inaonekana, na mwili usishindane na mwili wake. Huo ubishi wako mzuri wote unaoutunga usiku mwanangu una mahali pake, ila sio pale kwenye boneti gizani.

Mahali pake ni kwenye malalamiko, na ndio, nataka ulalamike.

Kwanza leo hii, sio kesho, kaa uandike tukio zima kwa mkono wako, tarehe, saa, upande gani wa barabara, walikuwa wangapi, namba za kifuani kama uliziona, gari lao, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Mkeo aandike yake kivyake, msiandike pamoja mkafananisha. Na muanzie mwanzo kabisa, pale mkono ulipopungwa. Usianzie kwenye kuvutwa, maana watakachokushikia wao ni sekunde ile uliposhika ufunguo, watasema dereva alileta vurugu tukadhibiti. Hili nalo limeshafika mbali, Mei 2025 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya kijana Ashtian Barnes, aliyeuawa Houston mwaka 2016 baada ya gari la kukodi alilokuwa anaendesha kusimamishwa kwasababu ya madeni ya ushuru wa barabara, ilikataa mtindo wa kuangalia sekunde za mwisho tu ambazo askari alijiona yuko hatarini. Majaji wote walikubaliana kwamba lazima tukio litazamwe lote, na yaliyotangulia. Kwahiyo ile "Leseni" bila salamu ni sehemu ya ushahidi wako, iandike.

Pili nenda hospitali na hilo bega. Wiki tatu zimepita lakini nenda, mwambie daktari lilivyoumia aandike, chukua nakala. Bega linalolia wiki tatu linahitaji kuangaliwa hata kama hakuna kesi.

Tatu peleka malalamiko kwa maandishi kwa mkuu wa kituo husika au kitengo kinachopokea malalamiko dhidi ya askari, na kama kuna chombo huru nje ya polisi peleka nakala na huko, wagongee muhuri nakala yako ubaki nayo. Omba wakuonyeshe kumbukumbu ya wewe kusimamishwa na kufungwa pingu. Dakika arobaini za pingu ambazo hazipo kwenye kitabu chochote ni swali ambalo wao ndo watatakiwa walijibu. Na kama unataka kipimo cha kimataifa, kanuni za maadili za Umoja wa Mataifa kwa watekelezaji wa sheria, za mwaka 1979, kifungu cha 3, zinasema nguvu itumike pale tu inapolazimu kabisa na kwa kiasi kinachohitajika na jukumu lenyewe. Taa ya nyuma haihitaji bega. Wahi, maana sehemu nyingi malalamiko yana muda wake, na ukipata wakili au kituo cha msaada wa sheria nenda nao.

Huyo anayekupigia simu, usikutane naye. Usimtukane, usimtishie, mwambie kwa upole jambo lolote aandike. Hifadhi namba na saa aliyopiga, na hilo swali lako la namba yako kaipata wapi liweke kwenye malalamiko pia, ni swali zuri sana. Ukienda peke yako mkakaa mkanywa soda mkapeana mikono, kesho wewe ndo utaambiwa ulikuja kuomba msamaha.

Utashinda? Siwezi kukuahidi, kaka yangu ananiambia mengi yanaishia kwenye droo. Ila aliniambia na hili, kwamba askari mwenye karatasi moja kwenye faili lake anaonekana kaonewa, mwenye karatasi sita hakuna bosi anayeweza kujifanya hamuoni. Yako inaweza kuwa ya kwanza au inaweza kuwa ya sita, hujui.

Mwanao sasa. Kakuuliza "ulifanya nini kibaya" kwasababu mtoto wa miaka 5 anajua anayeadhibiwa kakosea, ndo dunia yake ilivyo. Usimwambie askari wote ni wabaya, atakosa wa kumkimbilia siku akipotea njia. Usimwambie pia ilikuwa mchezo, alikuona ukiumizwa. Kaa chini usawa wake umwambie: taa ya gari letu ilikuwa imeungua, baba alikuwa hajui, yule askari alikuwa anatakiwa aniambie vizuri lakini alinikasirikia na akaniumiza, na hicho alichofanya sio sawa, na baba ameandika barua kwa wakubwa wake. Mwambie hivyo hata mara kumi akiuliza mara kumi. Mwonyeshe hiyo barua, hajui kusoma lakini ataiona ni ndefu. Na umwambie yeye alifanya vizuri kukuita.

Hizo usiku unazojibizana na yule mtu kichwani, nenda ukaongee na mtu anayejua kusikiliza, mshauri, daktari, kiongozi wako wa dini kama unamuamini. Kushikwa na nguvu mbele ya mwanao kunabaki mwilini muda mrefu kuliko unavyodhani.

Na mwisho, hujaniambia kama ile taa umeshabadilisha. Kama bado, fanya Jumamosi asubuhi mkiwa nyumbani, mwache dogo akushikie balbu mpya, alafu yeye asimame nyuma ya gari akuambie imewaka.

Shangazi yako.